Kiapo cha Pombe Pekee

Siku ya hukumu tulikuwa hivi. Mimi, kifungua mimba wa marehemu baba na marehemu mama. Mdogo wangu anayenifuata, dereva, ndani ya kizimba, amevaa sweta niliyompelekea rimandi. Dada yetu wa mwisho, aliyeacha masomo ya siku ile chuoni Rongo ili awepo. Mjomba wetu, ndugu wa mama, ambaye sisi humwita nera, na ambaye amejiona wakili wa ukoo mzima tangu aliposhinda kesi ya mpaka wa shamba lake. Mama mzee wa omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye mguu wake ndio uliotukutanisha, na mke wa mwanawe aliyemshikia magongo. Hakimu, mwanamke wa umri kama wangu. Mwendesha mashtaka. Karani aliyetafsiri Dholuo kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Dholuo, hata pale ambapo hakuna aliyehitaji. Na mama yetu naye alikuwepo kwa namna fulani, maana mdogo wangu alimtaja mbele ya hakimu, na karani akasita, asijue kama amwandike.

Aliyekosekana ni mwenye pikapu. Huyo alikuwa ameshapata dereva mwingine.

Nimewataja wote kwa sababu kila mmoja alitoka mahakamani Homa Bay na habari yake ya kilichotokea, na mpaka leo sijui niishike ya nani. Swali la siku hiyo lilikuwa moja tu. Je, mdogo wangu alikuwa amerudia kosa lake la zamani, au alikuwa amefanya kosa jipya? Kama ni jipya, hakimu angeweza kumwonea huruma na kumrudisha nyumbani afanye kazi ya adhabu. Kama amerudia, sheria ya sasa haina mchezo na mtu wa namna hiyo. Ni jela, na leseni inakwenda.

Mimi niliamini kwa moyo wote kwamba hakuwa amerudia. Nilikuwa na sababu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Rongo, kwenye miwa. Nilikuwa kidato cha kwanza mama alipomfuata baba, nikakunja sare, nikachukua panga la kukatia miwa, na wadogo zangu wakaendelea na shule. Silalamiki. Kwetu, baba akiondoka kifungua mimba ndiye hushika neno la boma. Ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini kabla ya wadogo wake kupanda, ndiye hujibu mgeni akibisha. Mdogo wangu alipofika umri wa kuchagua kazi alichagua usukani. Alipata pikapu ya mtu, akawa anachukua magunia ya omena ufukweni upande wa Homa Bay na kuyapeleka sokoni Rongo na Migori.

Mara ya kwanza ilikuwa Migori. Alishusha mzigo, akapitia mahali, akanywa chang'aa, kisha akaiingiza pikapu ndani ya kibanda cha mama muuza nyanya. Mama mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta chenji kwa jirani, na hivyo ndivyo alivyopona. Polisi walipompulizisha mdogo wangu kwenye kile kifaa chao, wanasema hata askari aliyekishika aligeuza uso. Alitozwa faini, leseni ikazuiliwa kwa muda, na hakimu wa huko akamwambia asimwone tena. Faini ile ilitoka kwa ndama wa dada yetu.

Alfajiri ya siku aliyorudi nyumbani nilimpeleka kwenye kaburi la mama.

Mzee wa kanisa alikuwa ameniambia Mkristo haapi, ndiyo yake iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo. Nikamwambia ndiyo ya ndugu yangu naijua, haifiki hata langoni. Kiapo kwetu kina utaratibu wake. Mkubwa ndiye hutunga maneno, na anayeapa hufuata neno kwa neno, haongezi wala hapunguzi, kwa sababu kinachosemwa ndicho kitakachomshika. Nilimwekea udongo wa kaburi kwenye kiganja.

"Chang'aa," nikasema.

"Chang'aa," akasema.

"Busaa. Bia. Na kileo chochote kinachotoka kwenye chupa, mtungi au jerikeni."

"Mtungi au jerikeni."

"Kikipita kinywani mwangu nami nikashika usukani, udongo huu unijue."

Hapo alitetemeka kabla ya kurudia. Niliona. Mtu hatetemeki hivyo kwa kitu asichokiamini. Tukarudi nyumbani tukanywa uji.

Na alikishika kiapo. Watu hawaelewi ninapolisema hili. Alikishika. Leseni yake iliporudi, mwenye pikapu alimchukua tena kwa neno langu. Kwenye arusi ya binamu yetu alikaa na soda ya rangi ya chungwa mkononi tangu mchana mpaka watu wakatawanyika, na vijana wakimtania, "Omera, umekuwa mama mchungaji?" Alikuwa akicheka tu. Kila jioni akileta pikapu nyumbani nilijifanya ninamsalimia kwa karibu, kumbe ninanusa. Harufu ilikuwa ya omena na ya mtu aliyefanya kazi. Wakati mwingine macho yake yalikuwa mekundu, nikasema ni vumbi. Kanisani niliwaambia wenzangu kwamba mimi sikuhitaji serikali kumnyoosha ndugu yangu, nilihitaji kiganja cha udongo tu.

Halafu asubuhi moja nikiwa shambani nikapigiwa simu na mwanabodaboda nisiyemjua. "Wewe ndiye bro wa dereva wa pikapu ya omena? Kuja hospitali Homa Bay. Amepanda nyavu."

Sikuelewa kupanda nyavu ni nini. Nilipofika nilielezwa. Wanawake wa ufukweni hutandaza nyavu kuukuu kando ya barabara na kuanika omena juu yake, kwa kuwa pale nyasi ni fupi na jua halizuiliwi na kitu. Pikapu iliacha lami bila hata kupiga honi, ikapita juu ya omena ya mama mzee mmoja, naye alikuwa ameinama akiigeuza. Nyonga haikuguswa. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Nilimkuta askari mlangoni mwa wodi. Swali langu la kwanza, Mungu anisamehe, halikuwa kuhusu mama mzee.

"Amepuliza?"

"Amepuliza. Sufuri."

"Sufuri?"

"Mzee, hewa safi. Kama mtoto."

Nilimshika askari mkono kwa furaha. Niliingia wodini, nikamkuta mke wa mwana wa yule mama mzee ameketi kitandani, nikamwambia, kabla hata ya pole, "Mama, ndugu yangu hakuwa amelewa. Amepulizishwa, hana kitu. Huyo hawezi kugusa pombe, aliapa."

"Hakulewa?"

"Hata tone."

"Sasa nani alikuwa anaendesha hiyo gari, shetani?"

Nilidhani ni ajali ya kawaida, breki au tairi. Jioni ile ile yule askari alinifuata nje nilipokuwa nikinunua chai, akasimama karibu nami kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Mzee, ulimfurahia mapema. Pumzi ni safi lakini mkojo umesema mengine. Bangi. Na zile tembe za madereva, za kuzuia usingizi."

Kesho yake waliniruhusu nimwone kituoni. Alikuwa amekaa kwenye saruji. Aliponiona alisimama kwa heshima, kama kawaida yake.

"Mkubwa, kiapo sijavunja," akasema.

Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Umevuta bangi ukashika usukani!"

"Nimevuta. Lakini hukuitaja." Hakuwa ananidhihaki. Nilimtazama sana usoni nikitafuta dhihaka, nikaikosa. "Ulisema chupa, mtungi au jerikeni. Mwili ulikuwa unadai kitu, mkubwa. Ulikuwa unadai kila siku. Nikasema nitaupa kingine, lakini udongo wa mama siuchezei."

Niliondoka pale. Njiani nilijaribu kumkasirikia nikashindwa kujua nianzie wapi. Ningemkasirikia kwa kutotii? Alitii. Alitii kuliko mtu yeyote ninayemjua, akatii mpaka akamvunja mwanamke mguu.

Wiki iliyofuata alikuja nyumbani afisa wa probesheni, dada mmoja mpole mwenye viatu vilivyojaa matope yetu. Mahakama ilikuwa imemtuma aulize mdogo wangu ni mtu wa namna gani kabla ya kuhukumiwa. Alikunywa chai, akauliza habari za wazazi, akauliza ni nani aliyetulea. Kisha akauliza, "Hii ni mara yake ya kwanza?"

"Ya pombe au ya bangi?" nikasema.

Kalamu yake ilisimama. "Mzee, nauliza kuendesha gari akiwa hajiwezi."

"Ya pombe ni Migori, iliisha. Ya bangi ndiyo ya kwanza."

"Kwa hiyo ni ya pili."

"Hapana, dada. Ni ya kwanza ya bangi."

Tulienda hivyo mpaka chai ikapoa. Dada yetu wa mwisho, aliyekuwa amerudi nyumbani mwisho wa wiki, alinivuta nyuma ya jiko. "Bro, wacha. Sheria haitenganishi. Pombe, bangi, hata dawa ya kikohozi kama imekulevya, ni kifungu kimoja." Nilimwuliza kama hayo ndiyo anayosomea. Akasema hapana, anasomea kilimo, lakini jambo hilo lilikuwa limejadiliwa redioni, watu wakipiga simu na kusema wanaorudia wafungwe na funguo zitupwe ziwani. Nikamwuliza yeye alisemaje. Akasema kama si ndugu yake angepiga simu pia.

Basi tukafika siku ya hukumu, wote niliowataja. Mdogo wangu alikuwa amekiri kosa. Mwendesha mashtaka alisimama akasoma kwamba mshtakiwa ana hatia ya awali Migori, chini ya kifungu hicho hicho, na akaomba mahakama imchukue kama mkosaji anayerudia. Hakimu akamuuliza mdogo wangu kama ana la kusema. Kabla hajafungua mdomo, nera alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, naomba nisaidie mahakama."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mjomba wa mtoto. Mheshimiwa, mtu akiiba kuku jana, na leo akaiba baiskeli, huwezi kusema amerudia kuku."

Watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu hakucheka, lakini alishusha miwani. "Kweli, mzee. Amerudia kuiba. Keti."

Nera aliketi akinong'ona kwamba hoja imeingia, ameiona ikiingia.

Mdogo wangu akasema, "Mheshimiwa, mimi nilimwapia mama yangu kuhusu pombe, na mpaka leo sijaigusa."

"Mama yako yuko hapa?"

"Yuko nyumbani, mheshimiwa. Kaburini."

Hapo ndipo karani aliposita. Hakimu akasema polepole, ili karani apate kutafsiri, kwamba sheria haikuuliza ni kitu gani kiliingia kinywani mwake. Iliuliza tu kama mikono iliyoshika usukani ilikuwa na mwenyewe. Migori mikono haikuwa na mwenyewe, na kando ya ziwa haikuwa na mwenyewe.

Kisha akamwomba mama mzee aseme. Alisimama kwa magongo, mkwe wake amemshika kiuno. Alisema kwa Dholuo, na ingawa sote tulielewa, karani alitafsiri. Alisema amesamehe mguu, maana mguu ni wake na anaweza kuusamehe. Lakini kazi yake haiwezi kusamehe. Omena ikivuliwa usiku haingojei mtu apone. Aliomba apewe huyo kijana, amwanikie omena mpaka yeye aweze kuinama tena.

Niliona kwamba hilo lingeweza kuwa jibu, na nikamtazama hakimu, na kwa kitambo kidogo nilidhani hata yeye analipima.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Kama ingekuwa mara ya kwanza ningekupa. Kwa anayerudia sina nafasi hiyo. Yaliyo kati ya nyumba zenu, malizeni wenyewe."

Akampa kifungo, na leseni ikafutwa. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Alipopitishwa mbele yangu alisema kwa sauti ya chini, "Asante, mkubwa," na sikujua ananishukuru kwa lipi.

Nje, chini ya paa la veranda, kila mtu alisema lake. Nera alisema tukate rufaa, kuku na baiskeli. Dada yetu alikuwa analia na huku akisema hukumu ni ya haki, nami sikujua nimfute machozi au nimjibu. Mkwe wa mama mzee akasema, "Sawa, amefungwa. Jela itageuza omena?"

Mama mzee aliniita kwa kidole. "Wewe ndiye uliyemtungia kiapo?"

"Ndiyo, dani," nikasema, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakata miwa."

Alinishika mikono akaigeuza, akakagua viganja kama anayenunua punda. "Mikono inaijua kazi. Ulimi ndio uliotembea nusu njia. Utakuja wewe."

"Mpaka lini, dani?"

"Mpaka niiname."

Ndiyo maana sasa mimi huanika omena. Mwezi ukijaa wavuvi hawaendi, kwa kuwa omena hufuata taa na usiku wenye mwanga taa haina kazi; siku hizo nakata miwa Rongo. Giza likirudi, nami narudi ufukweni. Kuanika omena ni kazi ya wanawake, na siku ya kwanza nilipochukua beseni walinipokea kwa vigelegele.

"Dani ameoa!"

"Na mke mwenyewe ana ndevu!"

"Bibi arusi, usiitupe kama mbolea. Itandaze kama unaosha uso wa mtoto."

Nilijifunza. Ukiirundika inaoza chini, ukichelewa kuigeuza inashikana na wavu, na korongo wakikuona umegeuka wanakuja kama wageni wa msiba. Wanawake sasa huniita mke mwenza, na ninaitika. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nikipita barabara ile juu ya magunia ya omena, nyuma ya pikapu ya ndugu yangu, na sikuwahi kumwona mtu yeyote ameinama pale.

Nikipita gerezani kumwona mdogo wangu, ananiuliza hali ya mguu kabla ya kuuliza ya nyumbani. Amenenepa kidogo, na macho yake yamekuwa meupe kama alipokuwa mtoto. Safari iliyopita alisema, "Nikitoka, mkubwa, uniapishe tena. Lakini safari hii utaje kila kitu."

Nimekuwa nikitunga kiapo hicho nikigeuza omena. Bangi. Tembe. Dawa ya kikohozi, kwa kuwa dada alisema. Halafu nakumbuka mirungi, halafu gundi ya fundi viatu, halafu nakumbuka mwenye pikapu alivyokuwa akimtuma safari bila kulala, nami najiuliza kama usingizi nao uingie, na kama ukiingia, hasira je? Na kiapo kikiwa kirefu hivyo, nani atakumbuka mwanzo wake akifika mwisho? Nilimweleza mzee wa kanisa. Alisema si aliniambia. Nilimweleza dada yangu, akasema leseni imefutwa, ataendesha nini? Wote wana haki. Bado natunga.

Juma lililopita dani alitoka bila magongo, kwa fimbo moja, akaja mpaka ukingoni mwa wavu. Aliweka fimbo chini, akashika goti lake kwa mkono mmoja, akainama polepole. Aliokota kiganja kimoja cha omena. Akasimama, uso umelowa jasho, akainusa, akatupa moja iliyokuwa imevunjika kichwa.

Nilisema, "Dani, umeinama."

"Nimeinama mara moja," akasema. "Wavu huu una mara ngapi?"

Niliutazama wavu. Ulikuwa unameta kutoka miguuni mwetu hadi kwenye lami. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

"Acha kunitazama, mke wangu. Turubai iko pale. Anza kufunika upande wa barabara."

Nikakimbia kuichukua.